Michezo Thelathini na Mitatu Niliyokuachia

Old Moshi,
Kilimanjaro.
Jumapili, 9 Machi 1997

Mpendwa kaka Aminieli,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si Dada Ruth wa ofisi ya usharika, na hata kwenye maombi nimelipita pembeni. Programu yako ya mchezo haikunifunga. Niliiachia.

Sasa nimeshaliandika, naweza kukusalimu. U hali gani huko Ujerumani? Kile kifua kimepona? Baridi imepungua hata kidogo? Sisi ni wazima. Mama mguu unamsumbua akipanda mteremko, lakini shambani anakwenda. Ng'ombe amezaa dume. Mvua bado, tunautazama mlima kila asubuhi kama watu wanaosubiri mgeni.

Barua hii ni ya pembeni. Ile ya kawaida iko hapa mezani, na baba ataisoma kama anavyosoma zote kabla hazijafungwa. Hii nilianza kuiandika kwa Kiingereza ili hata akiiona asiielewe vizuri, lakini kwa Kiingereza nikajikuta najitetea kama niko kwenye mdahalo wa shule, hoja ya kwanza, hoja ya pili. Nikaichana.

Krismasi ile ulipokuja ukanifundisha Go, ule mchezo wa kuzingirana kwa mawe, nyuma ya kalenda ya usharika, mistari tisa kwa tisa, wewe ukichezea buni na mimi maharage meupe, uliniambia kazi yangu ni rahisi. Kila disketi ikifika niende nayo ofisi ya usharika Jumamosi, nicheze na programu michezo yote uliyoomba, kisha nikurudishie disketi ikiwa na michezo ndani. Ulisema nisiihurumie. Ulisema mara mbili.

Disketi ya kwanza nilicheza hivyo hivyo. Michezo ishirini, nikashinda kumi na minane. Ndipo ukawaandikia wazazi kwamba hulali, na kwamba profesa amekuambia labda utafute kazi nyingine ya kumalizia shahada au urudi nyumbani. Mama aliisoma barua jikoni, akaacha ndizi zikaungua. Akanigeukia.

"Huyo anayeishinda kompyuta yake ni nani?"

"Ni mimi, mama. Lakini ni majaribio tu, yeye anataka..."

"Kumbe ni wewe! Mtoto amekaa huko peke yake kwenye barafu, na wewe hapa unamfunga? Si umwachie, Elinipendo. Ni kaka yako."

Unanijua, maneno hunijia mtu akishaondoka. Ningemwambia kwamba ulikuwa unataka kujua inashindwa wapi ili uirekebishe. Badala yake nikaenda kuchota maji.

Basi disketi ya pili nikaiachia kidogo. Ya tatu nikaiachia sana. Ya nne ilikuwa ya michezo arobaini: nikakupa thelathini na mitatu, nikajibakizia saba ili usishtuke. Haikuwa kazi nyepesi. Ningeshindwa ovyo ungenigundua, kwa hiyo nilicheza vizuri mpaka katikati, halafu naweka jiwe pasipofaa, na kulitazama. Ukaniandikia, "Mdogo wangu, unaanza vizuri ila mwishoni unachoka. Kunywa chai kwanza." Nililia pale pale mbele ya kompyuta. Dada Ruth alikuwa akikunja matangazo ya ibada.

"Hiyo mashine imekupiga tena?" akasema. "Wewe nawe! Mchezo wenyewe hauna hata mpira, sasa mtu analia nini? Ningekuwa mimi ningeizima, tuone itamfunga nani."

Na barua zako zikabadilika. Ulianza kuuliza habari za ng'ombe, ukachora hata picha ya dirisha lako. Mama akaanza tena kula vizuri. Baba alisimama baada ya ibada akawaomba washarika wamshukuru Mungu, akasema mwanangu amefundisha mashine kufikiri. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, nikawa natazama viatu vya waliosimama mbele yangu.

Kosa lake nalijua tangu disketi ya kwanza. Ulinieleza kwa furaha kwamba mawe yake yakishapanga mstari kutoka ukingo hadi ukingo, umeiambia huo ni uzio ulio hai, kama ile mimea ya masale ya mpakani hapa kwetu, yakishashika hakuna anayeyagusa. Kaka, kwenye Go yanang'oka. Mimi nauzunguka uzio kwa nje, kisha naingia ndani ya kihamba chake, lile shamba ililolizungushia, najenga nyumba yenye nafasi mbili za kupumulia, na yenyewe hainijibu kwa sababu inaamini pale ni kwake milele. Nachimba mpaka choo, yenyewe iko sokoni Sanya Juu inanunua maharage. Ikija kushtuka, uzio wote umekufa. Yeyote atakayecheza nayo mara mbili ataliona hilo. Niliona aibu kukwambia, ulivyokuwa umeipenda hiyo sehemu ya nyumbani ndani ya programu yako.

Na sasa unakwenda kuiweka kwenye mashindano, mbele ya maprofesa na programu za vyuo vingine, na ukifanya vizuri watakupa nafasi ya kuendelea. Uliandika kwamba umejiandikisha kwa sababu ya matokeo yangu. Sentensi hiyo naijua kwa moyo, hata alama zake za wino.

Jumamosi ya tarehe 1 tulipokupigia simu kutoka mjini nilikuwa nimejiandaa, nimekariri kabisa. Baba alianza, akapiga kelele kana kwamba anakuita toka ng'ambo ya korongo. Mama akalia. Kisha nikapewa mimi.

"Mtaalamu wangu!" ukasema. "Niambie kweli, iko tayari?"

Sauti yangu ilichelewa kukufikia. Kila nilipoanza nilisikia wewe bado unacheka. Baba alikuwa anagonga kioo cha kibanda, ananionyesha saa.

"Iko tayari, kaka."

"Basi leo nalala," ukasema.

Tangu hapo mimi ndiye silali. Alhamisi nilimfuata baba kwenye kahawa, alikuwa anapogolea.

"Baba."

"Sema, mama."

"Programu ya kaka..."

"Ile inayofunga watu!" Akacheka, akaacha mkasi, akamwita mzee Filemon aliyekuwa upande wa pili wa mfereji. "Filemon! Njoo umwone huyu, ndiye aliyefungwa mara thelathini na tatu!"

"Pole binti," mzee Filemon akasema. "Na wewe ukazane kusoma kama kaka yako."

Nikarudi ndani.

Barua hii itachukua wiki tatu. Mashindano ni Jumamosi ya tarehe 22. Najua kuhesabu. Kitu pekee kinachoweza kukuwahi ni simu, na simu ya Ulaya haipigwi bila baba kwenda mjini, na baba hawezi kwenda bila mimi kumwambia kwa nini. Nimejaribu kuliwaza hilo neno la kwanza. Naishia kwenye "Baba".

Nyuma ya karatasi hii nimeandika hatua zote za michezo mitatu inayouvunja uzio wako, moja baada ya nyingine. Hazitakusaidia tena. Nimeziandika kwa sababu ndiyo kazi uliyonipa, na sikuwa nimeifanya. Ukitaka kuacha kuniandikia baada ya hapa, nitaelewa. Ila usimwandikie mama. Yeye aliomba tu kama mama, mimi ndiye niliyejua nafanya nini.

Mama anakusalimu, anauliza kama huko mnapata maziwa ya mgando. Isack mdogo wetu anakusalimu, anasema umletee theluji kwenye chupa. Nimemwambia iko juu ya mlima wetu, hataki, anataka ya kwako. Dada Ruth naye anakusalimu. Mungu akae nawe ukumbini siku hiyo, maana mimi niliyetakiwa kukaa nawe sikukaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, na kosa lenyewe lilitoka humo humo kwenye kukupenda,

Elinipendo

Kaka, baba amerudi. Namsikia uani anamwambia mama amtafutie miwani, anataka kuongeza mstari wake wa hongera chini ya ile barua nyingine kabla sijaifunga. Ningeweza kumwachia hii hapa hapa juu ya meza aikute, aisome, akupigie. Nimeiacha kidogo, nimeondoa mkono juu yake. Sasa viatu vyake viko barazani. Anakohoa, yuko mlangoni. Naificha.