Mizani ya Viazi ya Mbalizi

Mjukuu wangu Tumaini,

Pokea salamu zetu kutoka Mbalizi. Mwezi mzima sasa naitwa mke wa Ambakisye, na bado naona haya kama binti akiniita mpenzi!

Umeniuliza ufanyeje, maana tangu uanze kutumia kiti cha magurudumu umenenepa, na kila jamaa huko Iringa anakuongezea ugali kwa huruma. Nilipokuwa na umri wako, nami tayari nikitumia kiti cha magurudumu, nilizidi uzito hadi nikashindwa kujihamisha kutoka kitandani kwenda kitini. Nikaenda sokoni kwa kijana mwenye mizani ya viazi. Akanipima nikiwa kitini, akaniketisha juu ya gunia, akapima kiti kitupu, akatoa uzito wake.

"Dada, wamekujaza kupita kipimo kama gunia, lumbesa kabisa! Nani anakupakulia?"

"Kila mtu."

"Na wewe je?"

Tangu siku hiyo nilijipakulia mwenyewe, mboga nyingi, ugali kidogo, na kila wiki nilijisukuma hadi kwenye mizani ile. Taratibu nikaweza tena kujihamisha.

Maisha yalitutenganisha miaka mingi, lakini kijana yule ndiye babu yako mpya. Jana mezani alishika mwiko akaniuliza, "Nikuongeze?" Nikasema hapana. Akauweka chini, akanishika mkono.

Bibi yako mwenye furaha,
Tusekile