Jina Lililochongwa Kifuniko Kikiwa Kimefungwa

Ndugu yangu Wafula,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba jicho likiungua litauma. Kidole kikigusa sufuria ya moto unaruka kabla hujafikiri, basi mtu huamini kuwa jicho nalo litamwonya. Halionyi. Ile ngozi nyembamba nyuma ya jicho, inayopokea picha, haina uchungu. Mwale wa leza unaingia, lenzi ya jicho inaukusanya mahali pamoja, jinsi watoto wanavyokusanya jua kwa kioo cha kukuza hadi karatasi itoe moshi, na madhara yanakuwa yameshafanyika kabla kope hazijafunga.

Hukuhitaji mwalimu wa fizikia kama mimi akwambie hayo. Kibandani kwako ulikuwa umeondoa kifuniko cha kichwa cha leza ili urekebishe mashine unayochongea majina kwenye misalaba ya makaburi, rula ya chuma ikiwa mezani karibu na mwale. Uliona mmweko wa samawati, ukapangusa uso, ukaenda zako upande wa nyama choma. Huko moshi ulipokuingia jicho la kushoto, ukalifumba, ndipo ulipoona uso wa mhudumu hauna pua. Ulinipigia simu ukicheka: "Mwalimu, huku Kenyatta Market siku hizi wanaandika kazi watu wasio na pua!" Kicheko kilikwisha daktari aliposema kidonda kiko katikati kabisa ya jicho la kulia, na hakina dawa.

Moyo ulipokulaza hospitalini, hukuzungumza juu ya moyo. Uliniambia, "Kibanda kikifungwa, kifungwe. Huyu msichana asipoteze jicho." Binti yako Nafula alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Tuliporudi kutoka Bungoma kukuzika, alikuja kwangu Kilimani, hata chai hakuingoja. "Mwalimu, mimi sifungi. Na macho sitoi."

Ndugu yangu, hajafunga. Na macho hajayatoa. Sasa nikueleze vizuri, maana najua ungeniambia nisiruke kitu.

Nilianza na lililoninyima raha. Miaka yote aliyokaa kando yako akipiga msasa misalaba, miwani pekee aliyokuwa nayo ni ile ya plastiki ya kijani iliyokuja na mashine, isiyo na maandishi yoyote. Nikampeleka kwa daktari wa macho Hurlingham. Nilikaa pale kwenye benchi kama mzazi anayengoja matokeo ya mtihani. Daktari akatuonyesha picha ya nyuma ya macho yake kwenye skrini, rangi ya chungwa iliyoiva, mishipa imetandaa kama mito kwenye ramani. "Retina ni safi. Yote mawili." Nafula akanigeukia: "Mwalimu, sasa unaweza kupumua." Wafula, nililia mbele ya watu, mzee mzima!

Kisha tukatafuta miwani. Mjini muuzaji mmoja alinisukumia ya kuchomelea vyuma: "Mzee wangu, hii ni kali, huoni ilivyo nyeusi?" Nikamweleza kwamba weusi si kinga. Kila leza ina urefu wake wa mawimbi, na miwani lazima izuie urefu huohuo. Mashine yetu ni ya samawati, nanometa mia nne hamsini na kitu, kwa hiyo tulitafuta lenzi zilizoandikwa kwamba zinafika hapo, pamoja na herufi OD, yaani kipimo cha kuzuia mwanga, na nambari yake. Nambari hiyo ikipanda kwa moja, mwanga unaopenya unapungua mara kumi. Muuzaji akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mzee, wewe ungekuja kuuza hapa." Hakuwa nayo. Tuliagiza kwingine, tukangoja, na katika kungoja huko mashine haikuwashwa.

Lakini kazi ngumu haikuwa miwani. Ilikuwa ile desturi yetu. Unakumbuka: familia ikija kuchukua msalaba kabla ya kusafirisha mwili nyumbani, haitaki kukabidhiwa kitu kilichokwisha. Inataka kusimama juu ya mashine ione jina likitokea, herufi kwa herufi, kama kumsindikiza mtu wao. Hukuwahi kuwa na moyo wa kuwafukuza. Ulivaa yako, na wajomba na mashangazi wakainama nyuma yako macho wazi, huku vioo vya saluni ya Mama Shiru vikiwa mkabala. Kioo kinarudisha mwale ukiwa na karibu nguvu zake zote.

Nafula aliifungia mashine ndani ya sanduku la chuma, lisilo na upenyo wa mwanga, bomba likitoa moshi nje. Kifuniko kina swichi: ukikiinua, mwale unakatika. Ndani akaweka kamera, na nje akatundika skrini ukutani. Mama Shiru akamwambia, "Msichana, wateja wako watahama. Watu hawazikani na televisheni." Niliogopa kwamba anasema kweli.

Familia ya kwanza ilitoka Kawangware, mwili ukingoja mochari usafirishwe Kakamega. Mjomba mmoja mwenye koti zito akaja mbele. "Wee dada, fungua hiyo sanduku. Nimeomba ruhusa kazini nikuje kuona jina ya ndugu yangu, si kuona sinema."

"Utaiona, mzee. Na utatoka hapa na macho yako."

"Baba yako alikuwa anatuachia tuone!"

"Ni kweli. Na jicho moja aliliacha hapa."

Mjomba akanyoosha mkono, akainua kifuniko. Mashine ikanyamaza, jina likiwa nusu. Akarudi nyuma ameshtuka: "Umeharibu?"

"Ni wewe umeizima. Funga, tuendelee."

Hakupaza sauti, Wafula. Alisimama tu, mkono kiunoni, kama mama yako. Mjomba akafunga. Na hapo bibi mmoja, mama wa marehemu, aliyekuwa amesukumwa nyuma ya migongo ya wanaume, akaletewa kiti cha saluni akakalishwa mbele ya skrini. Jina la mwanawe likamtokea kubwa, wazi, hadi herufi ya mwisho. "Hata mimi nimeona," akasema. Akaanzisha wimbo, na saluni nzima ikaitikia, hata wenye nywele zilizosukwa nusu. Mjomba ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote. Tangu siku hiyo anatuletea watu, akiwaambia, "Nendeni kwa yule msichana, kila mtu anaona."

Hakuna mteja aliyehama. Umeshinda, ndugu yangu, na binti yako ameshinda zaidi.

Lala salama. Nakuahidi kwamba maadamu miguu yangu inafika sokoni, nitakagua lenzi za Nafula zisiwe na mikwaruzo, na kila mwaka nitakaa tena kwenye benchi lile Hurlingham. Nafula ameniomba nakala ya barua hii aibandike kibandani, kwa vijana wanaonunua mashine hizi kufanyia kazi sebuleni. Basi neno la mwisho ni lao: leo, kabla ya kuwasha, soma nambari za urefu wa mawimbi zilizo kwenye lenzi za miwani yako, uzilinganishe na kibandiko cha mashine; zisipolingana, usiwashe.