Vipande Vinne vya Paneli

Kisangani, tarehe 14 mwezi wa tisa 2000

Papa yangu Sefu,

Amani ya Mungu ikufikie huko Basoko kabla ya maneno yangu. Mguu wako unaendeleaje? Sisi tu wazima. Mama ana homa ya kuja na kuondoka, lakini anakula. Meli zimeacha kupanda mto miaka miwili sasa, na bado kila pirogi ikifika bandarini mama ananituma nikaangalie nani ameshuka.

Vita ya mwezi wa sita ilipokwisha, mabomu yalikuwa yamevunja paneli zote za jua kwenye paa la nyumba ya uzazi ya masista. Sista Félicité alitaka zitupwe shimoni, nikamwomba anipe. Nilizibeba kwa toleka, baiskeli ya kukodi, ikilia njia nzima. Fremu za aluminiamu nilimpelekea tonton Juma anayeziyeyusha kuwa sufuria, na hizo sufuria ndizo zinatulisha. Vile vipande vyeusi vya ndani nilivipasha juu ya mchanga wa moto hadi gundi ikalegea, nikavitoa kwa wembe, nikalehemu vizima kama ulivyonifundisha. Vingi vilinivunjikia mkononi.

Nilitaka kumtengenezea Sista paneli moja ya taa, maana wanawake wanazalia kwenye mwanga wa koroboi na mafuta hakuna. Ili ikamilike, vikakosekana vipande vinne. Nilitafuta wiki mbili, hata jalalani, sikupata.

Mwezi wa nane mkunga akaona mtoto wa jirani yetu Germaine amekaa vibaya tumboni, na siku zimebaki chache. Sista alikuja mwenyewe nyumbani. Aliniambia, “Nuru, nitampasua vipi nisipoona mikono yangu?”

Papa, nisamehe. Niliivunja paneli yetu, ile uliyotuachia kwa ajili ya redio, tusikose kipindi cha salamu za familia siku ya Jumapili. Nilitoa vinne vizima. Vilivyobaki vilipasuka, haitengenezeki tena. Mama alilia, hakunigombeza. Taa ya Sista iliwaka; Germaine yuko hai, na mtoto wake wa kike pia.

Lakini pile, zile betri za redio, bei yake haishikiki, na kama ulitutumia salamu tangu wakati huo, hatukuzisikia. Mama Philomène anayekuletea barua hii atakaa Basoko siku mbili. Mpe kwa maandishi yote uliyoyasema redioni, hata kama ni majina yetu tu. Jumapili mama bado anakaa mbele ya redio.

Tonton Juma anakusalimu, mama anakusalimu zaidi.

Binti yako anayekungoja,
Nuru