Mama Alipangiwa Zamu ya Mapema

Jumatano, Bongwe. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Nguo nilizofua jana bado zina unyevu. Mama amelala chumbani, mlango nimeurudisha nusu ili nimsikie akiamka. Kibanda changu cha ushonaji pale Kona ya Musa sijakifungua tangu turudi.

Sikutaka kuandika habari za safari ile. Watu wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza picha ziko wapi, meli ilikuwaje, tulikula nini. Picha ninazo. Siwezi kuzitazama.

Niwaeleze wale msiotufahamu. Mama yangu alishuka kutoka Makueni akiwa msichana, akaja Diani kutafuta kazi. Aliajiriwa katika hoteli moja ya ufuoni, akaanza kwa kuosha vyombo jikoni, kisha wakampandisha kuwa mhudumu ukumbini. Akafanya kazi hiyo mpaka akazeeka nayo. Baba alituacha tukiwa wadogo, mimi na kaka yangu Kyalo. Kila tulichovaa na kila tulichosoma kilitoka kwenye sahani alizobeba mama.

Kyalo yuko Nairobi, ana kazi nzuri, ana mke na watoto wawili. Mimi nilibaki hapa. Miaka ya karibuni mama ameshikwa na ugonjwa wa kusahau. Mchana hajambo, anachambua mchicha, anaimba nyimbo za kanisani, anamsalimu jirani yetu Bi Mwanasha na kumwuliza hali ya kuku wake. Jua likishatua ndipo anapopotea. Anatafuta viatu vyake vyeusi. Anataka kwenda kazini.

Kwa hiyo Kyalo aliponipigia simu kusema ametulipia sote safari ya meli ya kitalii, Mombasa hadi Unguja na kurudi, swali langu la kwanza halikuwa la bahari.

"Chakula cha jioni huko ni saa ngapi?"

Akacheka. "Mbona unauliza chakula kabla ya kushukuru?"

"Nashukuru, kaka. Lakini ni saa ngapi?"

Akaniambia kuna zamu mbili, kwa sababu ukumbi hauwezi kubeba abiria wote kwa pamoja. Ya kwanza ni jioni kabla ya giza. Ya pili ni saa mbili na nusu usiku. Kila familia huchagua mapema na kupewa meza yake. Yeye alikwisha kuchagua ya pili.

Nikamwambia saa mbili na nusu mama huwa si mama. Nikamwomba atubadilishie wote twende ile ya kwanza.

"Ile ya kwanza ni ya wazee na watoto wadogo," akasema. "Kuna watu wa kazini kwetu nitakuwa nao meza moja. Nilishawaahidi. Wewe na mama mtakula mapema, sisi tutakula baadaye. Mchana si tutakuwa pamoja?"

Nilikubali. Nilijiambia mtu aliyekulipia safari humpangii saa ya kula.

Jioni ya kwanza tulikaa mimi na mama kwenye meza ya watu wanane. Nje ya dirisha bado kulikuwa na mwanga. Mama alivaa gauni la kitenge nililomshonea kwa ajili ya safari, akapendeza, akakaa wima kama bibi harusi. Kisha akaanza kuzitazama zile sahani tupu.

"Wengine wako wapi?"

"Watakula baadaye, mama."

"Kyalo je?"

"Naye atakula baadaye."

Akauliza tena. Kisha akauliza tena. Weita akaja kwa adabu, akaziondoa zile sahani za ziada, na mama akamfuata kwa macho mpaka akaingia jikoni. Samaki alipoletwa, alikula kipande kidogo, kilichobaki akakifunga ndani ya kitambaa cha mezani.

"Hiki cha watoto," akasema. "Watakuja na njaa."

Nilimwacha. Nilikwenda nacho chumbani mfukoni mwangu, mkono ukinuka samaki, na tulipopishana na Kyalo kwenye ujia, yeye na mkewe Faith wamevaa wamependeza, nilishindwa kukitoa.

Siku iliyofuata ni Faith aliyekuja chumbani kwetu. Faith ni mtu mwema. Hili nitalisema popote. Alikaa kitandani karibu na mama, akamshika mkono.

"Wifi, leo njooni mle nasi. Watoto wanamwuliza bibi, Susu wao. Haifai hivi, tumetoka nyumbani kuwa pamoja halafu tunakula kama wapangaji."

"Kyalo anajua?"

"Nitamwambia mimi."

Nilijua saa hiyo haitufai. Lakini mama alikuwa amesikia jina la Kyalo, uso wote ukang'aa, na mimi pia, niseme kweli, nilitamani tukae meza moja hata mara moja. Kwani si ndilo lililotutoa nyumbani?

Jua lilipozama mama alilikataa lile gauni. Alitaka sketi yake nyeusi na blauzi nyeupe. Huwa simpingi kwa mambo ya nguo, kwa hiyo nilimvika, nikamchana nywele, tukaenda.

Ukumbi ule usiku ulikuwa mwingine kabisa. Taa, vicheko, wahudumu wanapita na trei. Kyalo alikuwa ameketi na mzee mmoja wa kazini kwao na mkewe, watu wa heshima zao. Alipotuona tunaingia, akainuka nusu, akaketi tena. Akatuonyesha viti vya mwisho wa meza. Hakututambulisha. Nilidhani anasubiri watu wamalize mazungumzo.

Mama hakuketi kwa muda mrefu. Chakula cha mwanzo kilipoliwa, akaona sahani chafu mbele ya wageni. Nilimwona akiziona. Nikamshika kiwiko, akakitoa taratibu kama mtu anayejua anachofanya. Akasimama. Akapita upande wa kulia wa yule mzee, akachukua sahani yake, akachukua ya mkewe, akaipanga ya tatu juu ya mkono, wala kijiko hakikulia. Mke wa mzee akamwambia asante bila kumtazama, akamwongezea na bilauri.

Kisha mzee akageuka, akaona si mhudumu wa meli. Hana beji. Anatabasamu tu, sahani zimejaa mkononi.

"Huyu mama ni wa hapa, ama ni wenu?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Kyalo akafuta mdomo.

"Ni wa nyumbani," akasema. "Anatusaidia na watoto."

Mara ya kwanza sikuyaelewa maneno yale. Niliyasikia kama yanavyosikika maneno ya redio ya jirani. Nikamtazama Faith, naye ameinamisha kichwa. Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yake.

"Ni mama yetu," nikasema. "Ametuzaa mimi na huyu."

Yule mzee akainuka kwenye kiti chake, mtu mzima na suti yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Utuwie radhi."

Mama akamtazama kwa upole ule wa miaka yote ya Diani.

"Karibu sana, bwana. Mmeshaagiza?"

Nilizipokea zile sahani, nikaziweka mezani, nikamtoa nje. Nyuma yangu nilisikia kiti kikisukumwa. Kyalo alitukuta kwenye ujia, karibu na ngazi. Mama alikaa kwenye kibenchi cha ukutani na kuanza kukunja ncha ya leso yake, kuikunja na kuikunjua.

"Umeniaibisha mbele ya mkubwa wangu," akaniambia.

"Mimi?"

"Ungeninong'oneza. Ungenipa nafasi nirekebishe mwenyewe."

"Ungerekebisha nini, Kyalo? Ulisema mama ni mfanyakazi wako."

"Sikusema hivyo. Nilisema ni wa nyumbani."

Yeye akaegemea ukuta, na sauti ikashuka. Alisema: "Wewe uko naye kila siku, unamwona akipungua kidogo kidogo. Mimi nikija namkuta ameondoka pakubwa. Tangu tupande meli hii hajaniita jina langu hata mara moja. Mama yangu mimi alishakufa. Wewe unatunza mwili."

"Mwili huo ndio unaokuulizia kila jioni," nikamwambia.

Alirudi ukumbini. Alikuwa hajamaliza chakula chake.

Siku zilizobaki tulikula mapema, mimi na mama. Faith na watoto walikuja zamu yetu mara moja, wakakaa nasi, na mtoto mdogo akalala kwenye mapaja ya bibi yake. Kyalo hakuja. Tulipotia nanga Unguja walishuka kutembea mjini. Mimi nilibaki chumbani kumwangalia mama akipiga deki sakafu kwa taulo.

Tuliporudi Mombasa, pale bandarini, kila mtu na mizigo yake, Kyalo alimkumbatia mama. Alimkumbatia kwa muda. Nilifikiri labda sasa. Mama akampigapiga mgongoni kama anavyompigapiga mtu yeyote, kisha akarudi nyuma kumtazama vizuri.

"Samahani, wewe ni mgeni wa chumba namba ngapi?"

Tulivuka Likoni mimi naye kwa feri, mizigo yetu miguuni.

Hayo ni ya wiki iliyopita. Juzi Kyalo amenitumia ujumbe mrefu. Amepata nyumba ya wazee huko Nairobi, safi, ina wauguzi. Anasema mimi nimechoka na naharibu maisha yangu. Anataka jibu kabla ya Ijumaa, nafasi isije ikachukuliwa.

Nitaandika kitu ambacho sikumwambia hata Bi Mwanasha.

Nilipousoma ujumbe ule, nilifurahi.

Furaha haikudumu, lakini ilikuwepo. Nilijiona nafungua kibanda asubuhi. Nilijiona nalala mpaka kunakucha bila kusikiliza kitasa. Nilijiona nakunywa chai ingali moto. Wiki mbili kabla ya safari mama alitoka magharibi ikiingia, akafika barabara kuu ya Ukunda peke yake, miguu mitupu, akimwomba kila mwenye bodaboda ampeleke hotelini kwani amechelewa. Hoteli yenyewe ilifungwa zamani. Imebaki kuta na nyasi. Bi Mwanasha ndiye aliyemwona akamrudisha. Najua siku moja hatakuwepo wa kumrudisha. Kwa hiyo msinione mtakatifu. Kaka yangu kasema uongo mezani, lakini kwenye ujumbe ule hakusema uongo wowote. Nimechoka.

Leo mchana Kyalo alipiga simu.

Nilidhani anataka jibu. Hapana, alitaka kuzungumza na mama. Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele, ametulia, siku yake ilikuwa njema. Niliweka simu kwa sauti ya nje kwani hupenda kuishika kinyume.

"Mama, ni mimi. Ni Kyalo."

"Kyalo hayupo," mama akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Alikwenda shule."

"Mama—"

"Ukimwona mwambie asinisubiri getini. Huja pale hotelini nikitoka kazi, anakaa chini na askari wa geti mpaka nitoke, mvua inyeshe isinyeshe. Namwambia usije, mwanangu, ni mbali. Hanisikii. Anasema atanishika mkono kwa vile nina miguu mibaya." Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Ana moyo, yule mtoto. Sijui kwa nini siku hizi haji."

Upande wa pili nikasikia kaka yangu akilia. Sijapata kumsikia akilia tangu tulipokuwa watoto. Mama naye akasikia. Akaiinamia simu.

"Pole, bwana," akamwambia. "Pole sana. Umefiwa?"

Simu ikakatika.

Akarudi kuchambua mchele wake, nami nikabaki nimesimama katikati ya sebule na simu mkononi. Nilimngoja Kyalo apige tena. Hajapiga. Pengine hatapiga leo.

Kuhusu jibu lake la Ijumaa, nimekwisha kuliandika. Nimemwambia mama hatoki hapa. Nimemwambia pia kwamba peke yangu siwezi tena, na kama bado ana ule moyo wa mtoto wa getini alioukumbuka mama, basi aje akae nasi hata wiki moja, aje bila mkubwa wa kazi, bila zawadi. Sijalituma bado. Nauogopa ujumbe wangu mwenyewe, kwa sababu akikataa sitakuwa na mtu mwingine wa kumwomba.

Mama amekohoa. Ameamka, namsikia anatafuta viatu.

Nautuma sasa kabla sijaingia chumbani.