Baba Mdogo wa Rosa

Shikamoo mama,

Huku Mpanda mvua haikatiki, ila mimi mzima. Nazunguka na Rosa, yule Mmarekani wa kazi ya asali ninayemtafsiria. Jana mvua ilitukimbizia Ilembo, nyumbani kwa Mama Spesioza, aliyeingia nchini kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake. Akatuchomea mahindi, kisha akamuuliza Rosa, "Mbona hufanani na Wazungu?"

Rosa akasema asili yao ni Mexico. Ukoo wa mama yake haukuhama popote. Mexico na Marekani walipigana, mpaka wa nchi ukasogezwa, wakajikuta wako Marekani. Wa baba yake walivuka baadaye kutafuta vibarua mashambani. Baba yake mdogo alivushwa akiwa mchanga, akazeekea huko, na mwaka huu amerudishwa Mexico kwa kukosa karatasi.

"Tulienda kumwona mpakani," Rosa akasema. "Kwenye uzio vinapita vidole tu."

Mama Spesioza akafuta mikono kwenye kitenge. "Mpigie. Na mimi nimsalimie."

Huko Mexico ilikuwa asubuhi. Mzee alipotokea kwenye simu, Mama Spesioza akamsalimia kwa Kirundi, naye akajibu kwa Kihispania. Mimi mkalimani sikuelewa hata kimoja. Wao waliongea na kucheka mpaka bando likaisha, huku Rosa amegeukia ukutani, analia.

Mama, jioni nitakupigia. Sina shida yoyote, nataka tu kusikia sauti yako. Mungu akutunze, na nyie wote hapo Tabora.

Mwanao,
Neema