Sakafu ya Fundi Kikofia

Jumanne, 4 Machi
Fundi kaja. Mwanamke, mfupi, suruali imegandamana na saruji. Kaletwa na binti yangu — anataka bafu liwe sawa kabla mama yake hajatoka wodini Jumamosi. Aliteleza humu humu, kwenye kidimbwi cha pembeni, nyonga ikavunjika.
Fundi akamwaga ndoo ya maji, akachuchumaa. Maji yakalipa mgongo tundu la kutolea maji, yakaenda kulala pembeni. Mzee, sakafu hii alimwaga kipofu? Nikasema fundi mmoja, Kikofia, alihama zamani.
Uongo mtupu. Nilimwaga mimi. Miaka ishirini na sita mke wangu anamlaani Kikofia kila akipiga deki, nami naitikia amina.

Jumatano, 5 Machi
Vigae vimebanduliwa. Kinyaa! Chini yake uji mweusi — sabuni iliyooza, kucha, na vijidudu vyeupe vinajinyonganyonga kama vimechelewa kazini. Na nywele. Zangu hizo, za enzi nilipokuwa nazo. Chai ya asubuhi nimeirudisha yote.
Fundi anasema Kikofia alimwaga saruji juu ya utelezi bila kusugua, ndiyo maana haikushika. Mtu mchafu. Mchafu sana, nikasema. Binti kaziba pua mlangoni, anacheka: baba, huyo rafiki yako alikuwa anaoga kweli? Mara moja moja, nikamwambia.

Alhamisi, 6 Machi
Naoga uani kwa ndoo. Bado nanuka. Mke kapiga simu. Kule kitandani kapata muda wa kuwaza, kasamehe watu wote, hata dada yangu. Kikofia tu hapana.
Sikula.

Ijumaa, 7 Machi
Nyundo imefika pembeni. Ikalia bati. Nikasema hapo pazima, paache. Fundi akanijibu, nikimwaga mpya juu ya uoza, mama ataanguka tena. Nikampisha.
Akalichomoa. Sinia la mke wangu, lile la maua mekundu. Nililifudikiza juu ya shimo nisihangaike kulijaza mawe. Hata wizi wa sinia hilo nilimsingizia Kikofia. Limevaa ute mweusi, kama makamasi ya jini.
Natafuta pa kulificha, honi hiyo nje. Wamemtoa siku moja kabla! Kaingia na magongo, binti kamshika kiuno, moja kwa moja hadi mlango wa bafu. Akaliona sinia mikononi mwangu, linachuruzika.
Akasema: kumbe hakuiba, masikini. Basi mume wangu, nimemsamehe. Na la nyonga pia. Ila aje mwenyewe, nimwambie usoni.
Usoni ananitazama mimi. Fundi kaweka nyundo chini.
Nimeomba nikanawe. Hii ndoo ya tatu, mikono ilitakata tangu ya kwanza. Ameshaletewa kiti, kakaa pale pale mlangoni. Anauliza kwa upole, huyo Kikofia anakuja saa ngapi.