Kioo Kilichojibu Kinyume

Cherono mjukuu wangu,

Sisi hapa Merigi tu wazima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Umeuliza ni fundi gani wa Litein aliyetutengenezea kioo cha kugusa cha ile kompyuta ndogo uliyotuma, ya kupima baridi ya tangi la maziwa la chama chetu. Fundi ni mimi!

Waya ulikuwa mfupi, basi nilikifunga kioo ukutani juu chini, kisha nikaigeuza picha ikakaa sawa. Lakini nikigusa kulia, kinajibu kushoto. Wanachama wakasema, "Mzee, hii imeharibika. Irudishe Nairobi."

Hapo nikakumbuka ujana wangu, nikijifunza kurudi nyuma na trekta lenye trela ya majani chai. Nilikata usukani kulia, trela ikaenda kushoto mpaka mtaroni. Dereva aliyenifundisha hakunigombeza. Aliniambia tu, "Trela haina wazimu. Angalia, kila mara inakosea vilevile." Jioni hiyo niliiingiza kinyumenyume kwenye kituo cha kupokea majani chai bila kugusa ukuta.

Basi nikagusa pembe zote nne za kioo. Kila moja ilijibiwa na pembe iliyo mkabala nayo kwa mshazari. Kumbe nilikuwa nimegeuza picha peke yake, mguso ukabaki juu chini! Nikatafuta kwenye maagizo uliyotuma pamoja na kompyuta mstari wa kugeuza mguso, nikauandika, nikawasha upya.

Nikagusa kulia. Kulia kukajibu!

Wale waliotaka kirudi Nairobi sasa wananiita Fundi. Nami naitika.

Babu yako